Ile L Niliyoandika Nyuma ya Wavu

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka tisa, shida ilinishika mkono ikaniongoza. Baba alikufa kabla ya mvua ndefu, na mvua ilipokwisha mama alikuwa ametufikisha Majengo, watoto wanne, kwa dada yake aliyekuwa na chumba kimoja na pazia moja. Nilikuwa nimesoma darasa la kwanza na nusu ya la pili. Hiyo nusu ndiyo chuo kikuu changu.

Sisemi haya nionewe huruma. Huruma ya watu naijua, haijazi sufuria. Nasema ili anayesoma ajue ni nani anaandika, na kwa nini anaandika polepole. Anayetaka mwendo wa kasi asome cha mtu mwingine.

Nikiwa na miaka kumi na miwili nilishika nyundo pale Shauri Moyo, nikinyoosha mapipa ya mafuta yawe bati la kutengenezea masanduku. Pipa ni kitu kikaidi. Limezaliwa mviringo na linataka kufa mviringo. Ukilishinda pipa, mlango wa gari uliobonyea haukusumbui. Hivyo nilitoka kwenye masanduku nikaingia kwenye magari, na nikiwa na miaka thelathini na minne nilikuwa na gereji yangu Kariobangi. Gereji ni jina tu. Ni uwanja wa udongo uliolowa mafuta, paa la mabati upande mmoja, na lango ambalo nilichomelea mwenyewe. Lakini ilikuwa yangu, na hakuna aliyenisaidia kuipata.

Shemeji alikuja baadaye. Ni mtu wa magharibi, fundi wa kupaka rangi, mkono mtulivu. Simwiti shemeji kwa sababu ya undugu. Mke wake anatoka ng'ambo ya mto kutoka kwetu, basi siku ya kwanza alipojua hivyo alinisalimu, "Shemeji, mahari nilimaliza, usiniangalie hivyo," na tangu siku hiyo hatukuitana jina lingine. Alikaa nami miaka kumi na tisa. Mimi nyundo, yeye rangi. Yeye alifika kidato cha pili, karo ikakatika, na kwa hicho kidogo chake alikuwa msomi wa uwanja mzima.

Alikuwa ananisomea. Barua ya baraza la mji, karatasi ya mteja, maandishi kwenye mkebe wa rangi. Na hakuwahi kunisomea kama mtu anayesomea kipofu. Alikuwa anasoma kwa sauti kama anajisomea mwenyewe, akilalamika, "Ona hawa sasa, wanasema tuhamishe vyuma hivi kabla ya Ijumaa," ili waliokuwa karibu wasijue kwamba ni mimi ninayesomewa. Hatukuwahi kulizungumza. Nilijua kwamba anajua.

Kazini hatukuhitaji herufi. Kitu cha upande wa abiria nilikitia alama moja ya tupa nyuma yake, cha upande wa dereva alama mbili. Taa nilizijua kwa umbo, milango kwa bawaba. Miaka yote hiyo hatukukosea hata kioo cha pembeni.

Kilichoniharibu ni kanisa. Walinifanya mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa kuna siku anaambiwa asome neno. Mara ya kwanza nikasema nimesahau miwani nyumbani. Mara ya pili pia. Mtu hawezi kusahau miwani kila akiitwa, hasa mtu asiye na miwani. Basi nikiwa na miaka hamsini na minane nikajiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima wasiojua kusoma, kwenye ukumbi mmoja kule Umoja, Jumamosi mchana. Shemeji nilimwambia naenda kutafuta vipuri. Mke wangu nilimwambia hivyo hivyo. Nilikaa kwenye dawati na akina mama wauza mboga, tukaimba la, le, li, lo, lu kama watoto, na sikuona aibu kwa sababu hakuna aliyenijua.

Nilijifunza upesi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Mwaka ulipoisha nilikuwa nasoma mabango ya barabarani kimoyomoyo nikipita, yale ya Kiswahili. Ya Kiingereza niliyaruka. Mwalimu wetu alifundisha Kiswahili tu.

Sasa lile gari.

Mteja alikuwa mama anayeuza vitambaa Eastleigh. Gari lilikuwa dogo, la Kijapani, na mwenye nalo wa kwanza alikuwa kijana wa mbio, akaondoa boneti ya kiwandani akaweka nyingine ya faiba, nyepesi, yenye matundu mawili makubwa ya kupumulia injini. Kwenye matundu hayo kulikuwa na vizibo vya wavu wa plastiki. Jua lilikuwa limevikausha vikapasuka, na kimoja kilikuwa kimekatika kabisa, tundu likabaki wazi kama jino lililong'oka. Yule mama hakutaka urembo. Alitaka maji yasiingie. Gari hilo ndilo lilikuwa linampeleka mama yake mzazi hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, na msimu wa mvua ulikuwa umekaribia.

Aliniambia, "Mzee, mimi sijui mambo ya gari. Najua tu siku ya mama ikipita, imepita. Haingoji."

Nikamwambia aende kwa amani.

Nilitengeneza nyavu mbili mpya za alumini, kila moja na fremu yake ya bati, zikashikwa kwa riveti. Matundu yalikuwa ya kipimo kimoja, kwa hiyo juu zilifanana kama mapacha. Tofauti ilikuwa chini. Chini ya tundu la upande wa dereva kulikuwa na kisanduku cha fyuzi, basi wavu wa upande huo niliuwekea kibati kwa chini, kimeinama, cha kupokea maji na kuyamwaga pembeni. Upande wa abiria palikuwa na moto wa injini. Huo niliuacha wazi, joto litoke, na maji yakidondoka hapo hayadhuru kitu. Ni kazi ambayo mafundi wengi wasingeifikiria. Wangekata wavu, wangepaka gundi, wangeomba Mungu.

Nikachukua tupa nitie alama zangu. Halafu nikaiweka chini.

Nitaeleza vile kiburi kinavyofanya kazi, maana nakijua. Niliona mkebe wa rangi nyeupe na kijiti. Nikajiambia, wewe sasa unajua kuandika, utaendelea kukwaruza vitu kama panya mpaka lini? Nikafikiria. Kulia inaanza na K. Kushoto nayo inaanza na K. K mbili hazimsaidii mtu. Basi nikaondoa hiyo ku, zikabaki lia na shoto. Lia ni L. Nilijiona hodari sana. Nyuma ya wavu wenye kibati, wa upande wa dereva, wa kulia, nikaandika L kubwa, imesimama sawa. Wa pili sikuuandika kitu. Ukijua mmoja umejua yote.

Hiyo ndiyo herufi ya kwanza niliyowahi kuandika kazini kwangu.

Siku hiyo hiyo nikapigiwa simu, mjomba amefariki. Nikaondoka kwenda kuzika. Gari lilikuwa limeegeshwa kwa yule mama, boneti peke yake ndiyo ilikuwa kwetu, imelazwa juu ya mapipa mawili. Nilimwambia shemeji, "Paka rangi, ubandike nyavu, nimeshaziandika." Nilisema nimeshaziandika kwa sauti ya juu kidogo. Alinitazama, akatabasamu, hakuuliza.

Nilirudi Jumatatu. Boneti ilikuwa imefungwa kwenye gari, nyeusi, inang'aa, nyavu zimekaa sawasawa, gundi imezunguka bila hata tone kumwagika. Nikapitisha kiganja juu yake. Sikuifungua. Ningeifungua ningeona, lakini niliona inang'aa nikaridhika. Yule mama akachukua gari lake.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha siku ya nne. Gari lilizima kwenye mzunguko wa barabara, maji yamejaa kwenye kisanduku cha fyuzi, yule bibi, mama yake mzazi, ameketi nyuma na blanketi magotini. Hawakupata teksi ya kuwachukua kwa sababu ya mafuriko. Walifika hospitali jioni, mashine imepewa mtu mwingine. Bibi alirudishwa nyumbani, na kwa siku mbili alivimba miguu na uso mpaka walipompatia nafasi. Hakufa. Nasema mapema ili msomaji asikae na wasiwasi. Lakini karibu.

Gari lilivutwa mpaka kwangu, na yule mama akaja nalo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mzee, nani alifunga hizi?"

Nilifungua boneti nikaona. Kibati changu kilikuwa upande wa abiria, kinakinga maji mahali pasipohitaji kukingwa. Upande wa dereva ulikuwa wazi, juu ya fyuzi.

Nikanyoosha kidole. "Huyu."

Shemeji alikuwa amesimama na msasa mkononi. Waosha magari wawili walikuwepo, na mama wa duka la rangi jirani alikuwa ametoka nje kutazama. Na mimi sikuishia kwenye kidole. Nikasema, "Kidato cha pili, na hujui kulia na kushoto? Hiyo shule ulienda kufanya nini, kuchota maji?"

Mmoja wa waosha magari alicheka.

Shemeji alikuja polepole, akaingiza tindo nyembamba chini ya fremu, akautoa ule wavu wenye kibati. Akaugeuza. Akatazama nyuma yake kwa muda. Kisha akanitazama mimi. Nilidhani anatafuta la kujitetea. Akaurudisha wavu juu ya boneti, nyuma ikiangalia chini, akamwambia yule mama, "Pole, mama. Mungu amponye mzazi." Akaenda kwenye kona yake, akakunja bunduki ya kupulizia rangi ndani ya gazeti, akaichukua pamoja na koti lake. Alipopita karibu nami nilisema, "Ndiyo, nenda." Akaenda.

Siku iliyofuata niliketi peke yangu na zile nyavu kuzirekebisha. Nikautoa wa pili, nikasafisha gundi, nikageuza ule wa kwanza. L yangu ilikuwa pale, haijafutika. Nikakasirika upya. Kumbe aliiona imeandikwa na bado akaiweka kushoto. Nikaubeba mpaka duka la rangi ili nipate shahidi.

"Mama, soma hapa."

Akasogeza miwani yake. "L."

"Enhe. Na L ni nini?"

"L ni left. Kushoto. Si hata kwenye maboksi ya taa huandikwa hivyo?" Akaendelea kupanga mikebe. Halafu mkono wake ukasimama. "Kwani mzee wewe ulitaka iwe nini?"

Akautazama wavu, akanitazama, kisha akainama akaanza kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo. Ni mama mwenye mdomo, anayeweza kukutania mpaka ukahama mtaa. Siku hiyo alisema tu, "Mambo ya Kiingereza hayo."

Nilirudi nikaketi juu ya pipa. Nilikumbuka vile shemeji alivyoutazama. Aliiona L. Alijua mwandiko si wake. Alijua ni wangu, na kwa nini. Kila fundi wa nchi hii angeiweka pale alipoiweka. Na angesema neno moja tu mbele ya watu wale, "Mzee, L ni kushoto," angekuwa amejiokoa, na mimi ningebaki uchi mbele ya uwanja wangu mwenyewe. Hakusema. Nilimtukana kwa shule yake, na yeye akaficha kwamba mimi sina shule.

Kwa siku tatu sikwenda kumtafuta. Nilijiambia kazi ni nyingi. Mke wangu aliuliza kwa nini sili, nikamwambia tumbo. Akasema, "Tumbo gani linauma mtu shingoni?" maana nilikuwa nimeinamisha kichwa hata mezani. Basi nikamweleza yote, ngumbaru na L. Akasema, "Mimi nilijua hutafuti vipuri. Mtu wa vipuri harudi na chaki kwenye mkono wa koti." Halafu akasema, "Huyo mtu utampata wapi mwingine?"

Nilimpata Industrial Area, kwenye lango la kiwanda kimoja, amesimama kwenye msururu wa vibarua asubuhi. Mtu wa miaka hamsini na saba katikati ya vijana wa ishirini, koti limefungwa vifungo vyote ili aonekane na nguvu. Msimamizi alikuwa anachagua kwa kidole, wewe, wewe, wewe. Kidole kikampita. Nilikiona kikimpita.

"Shemeji," nikasema.

"Umetafuta vipuri mpaka huku?"

Nikajua hata hilo alilijua.

"Niliiona ile L," nikasema.

"Nami niliiona."

"Mbona hukusema?"

Aliangalia lango likifungwa. "Niliposoma ile L siku ya kwanza, nilifurahi. Nilisema mzee amejifunza. Nikaenda nayo hivyo hivyo, sikukupigia simu kuuliza, maana herufi haiulizwi. Kosa ni letu sote hapo, sikatai. Lakini ile ya kuchota maji, shemeji, hiyo si kosa. Hiyo ulikuwa umeiweka siku nyingi."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nalimbikiza deni la kusomewa, na badala ya shukrani nilikuwa naweka wivu.

"Rudi," nikasema.

"Kwanza useme pale pale uliposema. Mbele ya wale wale."

Jumamosi yule mama alikuja kuchukua gari. Sikwenda darasani siku hiyo. Waosha magari walikuwepo, mama wa rangi alikuwepo. Shemeji alisimama nje ya lango, hakuingia. Nikafungua boneti, nikamwonyesha yule mama kibati mahali pake, nikamimina ndoo nzima ya maji juu ya wavu ili aone yakitoka pembeni. Kisha nikasema.

"Mama, siku ile nilikuonyesha mtu. Nilikuonyesha mtu asiye na kosa. Alama iliyokosewa niliiandika mimi. Niliandika L nikidhani ni ya kulia. Sikujua ni ya Kiingereza. Kiingereza sijui, na Kiswahili chenyewe nimeanza kukisoma juzi, ngumbaru. Huyu fundi alifuata nilichoandika. Na niliporudi, nilikukabidhi gari bila kufungua boneti. Yote ni mimi."

Maji ya mpira wa waosha magari yaliendelea kumwagika chini, hakuna aliyeyafunga. Yule aliyecheka safari ile alisema, "Mzee, si ungetuuliza tu," bila dharau, kama mtu anayeshangaa.

Yule mama alinitazama. "Mama yangu aliniuliza kama ndiyo siku yake imefika," akasema. "Nikamdanganya kwamba foleni ndiyo inatuchelewesha." Akatoka mpaka langoni, akampa shemeji mkono. "Pole, fundi. Nilienda nyumbani nikikulaani." Akarudi kwangu. "Funguo."

Nikampa. Mkono hakunipa, na sikuutegemea. Hajarudi tena na gari lolote, na simlaumu.

Alipoondoka nilimwambia shemeji, "Nimesema. Ingia."

"Umesema, na nimesikia. Asante. Lakini sirudi kuajiriwa."

"Kwa nini?"

"Miaka kumi na tisa, mtu ananyoosha kidole mara moja naondoka na bunduki yangu kwenye gazeti. Nikirudi, nitarudi mahali ambapo huwezi kusema nenda."

Nilielewa anachotaka, na damu ilinipanda. Gereji hiyo niliinyoosha kutoka kwenye mapipa. Hakuna aliyenipa hata msumari. Nilikaa na jambo hilo juma zima, nikilikataa asubuhi na kulikataa jioni. Rangi nilipaka mwenyewe siku hizo, ikatiririka kama machozi ya mlevi, na wateja wawili wakaniuliza fundi yuko wapi. Lakini haikuwa rangi. Ilikuwa kwamba kila nilipoinua macho kutoka kwenye bati, hapakuwa na mtu wa kumwambia neno.

Tulikwenda kwa mwanasheria mmoja mwenye ofisi juu ya duka la simu. Nikataka karatasi iandikwe kwa Kiswahili, naye akanung'unika lakini akaandika. Shemeji akaichukua ili asome kwa sauti, vile alivyozoea, akilalamika. Nikamwambia alete. Nilisoma mwenyewe, kidole chini ya mstari, kutoka juu mpaka chini. Ilichukua muda mrefu. Wote wawili walingoja.

Leo nina miaka sitini na mmoja, na vitu nilivyo navyo ni hivi. Nyumba ya mawe Kayole, vyumba vinne, haina mpangaji. Shamba la chai nyumbani, dogo, ambalo mama amezikwa ukingoni mwake. Nyundo kumi na moja, na za mbao mbili. Mashine moja ya kuchomelea. Kuku wa mke wangu, ambao yeye husema si wangu. Biblia moja ya Kiswahili. Nusu ya gereji ya Kariobangi. Nusu ya paa lake, nusu ya kompresa, nusu ya lango.